Aliacha Chapati Mapema Mno: Kisa cha Mwalimu wa Bombo na Kipimo cha Seliaki

Karatasi ya maabara alikuwa ameikunja mara nne na kuifungia ndani ya kitabu chake cha maandalio ya masomo. Aliikunjua mezani kwangu, akaisawazisha kwa kiganja, akanionyesha mstari mmoja kwa kidole: tTG-IgA, 4. Hicho ni kipimo cha damu cha seliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili huuharibu utumbo kwa sababu ya ngano. Kikomo cha maabara ile kilikuwa 10. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Hana seliaki. Anaweza kula ngano."

"Basi kama sina," akasema, "mbona nikila chapati nakoma?"

"Mwalimu, siku uliyotolewa damu hii, ngano mara ya mwisho ulikuwa umeila lini?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, Aprili, Mei, Juni, Julai, akafika Agosti akanyamaza kidogo. "Kama wiki kumi na nane hivi. Dada aliniambia niache, nikaacha. Kwani haikutakiwa?"

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Kampala (wenzangu wa Dar hunitania kuwa ni mama lishe, na siku za mishahara kuchelewa nami huona afadhali ningekuwa na sufuria la kuuza). Mwalimu amenikubalia niandike kisa hiki. Mambo machache nimeyabadilisha asitambulike, ila kiini nimekiacha kilivyokuwa.

Ana miaka 34, Mnubi wa mji wa Bombo hapa Uganda, anafundisha darasa la saba katika shule moja ya Kampala, ana mume na mtoto mmoja wa miaka sita. Unubi wake una maana hapa kwa sababu mbili. Wanubi wa Uganda ni wajukuu wa askari wa Sudan ambao Lugard, afisa Mwingereza, aliwaingiza nchini mwaka 1891, na Sudan ni mojawapo ya nchi za Afrika ambako seliaki imeandikwa na madaktari kwa miaka mingi. Ya pili ni jikoni. Majirani zetu wengi wamekulia matoke, kalo, muhogo na posho, vyakula visivyo na chembe ya gluteni, na zamani mtu angeweza kumaliza mwezi kijijini bila kugusa ngano. Nyumbani kwa mwalimu asubuhi ni gurusa, mkate wa ngano wa Kinubi, na chai ya maziwa. Shuleni saa nne ni mandazi. Jioni akichoka kupika anamtuma mtoto kibandani alete kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu yake maharage. Ngano ilikuwa inamkuta kila anapogeuka.

Miaka miwili alikuwa mgonjwa bila jina la ugonjwa. Tumbo linajaa upepo, anaharisha mara tatu nne kwa siku, siku nyingine choo kinakuwa sawa kabisa kisha kinaharibika tena. Uchovu wa kukaa chini katikati ya somo. Wingi wa damu ulipopimwa ulikuwa 8.9, chini sana ya unaotakiwa. Alitibiwa taifodi mara tatu, amiba mara mbili, bakteria wa vidonda vya tumbo mara moja, akameza dawa za minyoo na vidonge vya madini ya chuma kwa miezi minane. Habuba (bibi) yake alisema ni mchango tu, akamchemshia majani.

Siwalaumu waliomtibu. Katika nchi yenye minyoo ya safura na giardia, anayeanza kutafuta seliaki kwa kila mwenye kuharisha atakuwa anapoteza muda na fedha za watu. Lakini vidonge vya chuma miezi minane na damu haipandi? Hapo palitakiwa mtu aulize chuma hicho kinapotelea wapi. Madini ya chuma hufyonzwa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na ndiyo sehemu hasa ambayo seliaki huanza kuiharibu. Ipo idadi kubwa ya watu wazima wenye seliaki ambao hawaharishi kabisa. Dalili yao pekee ni upungufu wa damu usiosikia dawa.

Jibu lilitoka Leicester. Dada yake wa tumbo moja, anayeishi Uingereza, aligunduliwa na seliaki mwezi wa Januari baada ya kupungukiwa damu mimba mbili mfululizo. Aprili walipoongea, mdogo akaeleza hali yake, na mkubwa akakata shauri palepale kwenye simu: "Mdogo wangu, acha ngano leo. Usingoje kesho."

Aliacha. Wiki ya tatu tumbo lilinyamaza. Juni damu ilikuwa 11.2. Agosti, akiwa na nguvu mpya, akaona sasa apime ili ajue, akaenda kituo kimoja cha afya na kuomba kipimo alichotajiwa na dada. Wakamtoa damu. Hakuna aliyemuuliza anakula nini.

Gluteni ni protini ya ngano, na jamaa zake wamo katika shayiri na rai. Kwa mwenye seliaki, vipande vya protini hiyo visivyosagika vizuri hupenya ukuta wa utumbo, kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho transglutaminesi huvibadilisha umbo kidogo, na kinga ya mwili ikiviona hupandwa na hasira. Katika ugomvi huo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya gluteni na dhidi ya kimeng'enya chake wenyewe. tTG-IgA ni kipimo cha hicho cha pili. Kwa hiyo kinachopimwa ni ugomvi unaoendelea. Ukiondoa ngano, ugomvi unapoa, na kingamwili hupungua, kwa wastani kwa nusu kila wiki sita hadi nane. Tuseme Aprili mwalimu alikuwa na 50. Wiki sita, 25. Wiki kumi na mbili, 12. Wiki kumi na nane, 6, chini ya kikomo cha 10. Ni hesabu ya darasa lake mwenyewe, na nilipomwandikia kwenye kona ya karatasi aliitazama akacheka kwa uchungu.

Kupima damu ya mtu aliyeacha ngano miezi minne ni sawa na kwenda soko la Nakasero usiku wa manane kisha ukaandika kwamba hapauzwi nyanya.

Karatasi ile ilikuwa na kasoro nyingine iliyojificha: IgA ya jumla, yaani wingi wote wa aina ile ya kingamwili ambayo kipimo hiki hutegemea, haikupimwa. Kati ya wenye seliaki, wawili au watatu katika kila mia hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA itatoka chini hata kama asubuhi walikula mkate mzima. Bila namba hiyo ya pembeni, hasi yoyote ni nusu ya jibu. Wenye upungufu huo hupimwa kwa kingamwili za aina ya IgG.

Sasa tufanyeje? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na mwalimu hakuja peke yake mara ya pili. Alikuja na mumewe, fundi wa magari, mkono wake ukiwa bado una weusi wa oili kwenye kucha.

"Daktari," akaanza (hunitaja hivyo ingawa nimemkataza), "mke wangu alikuwa anaamka usiku mara tatu. Sasa analala. Gari likiacha kugonga, mimi sirudishi bolti mbovu ili nisikie lilivyokuwa linagonga. Ninyi mnataka kumrudishia ugonjwa?"

Sijapata kusikia hoja ya kupinga kipimo hiki iliyosemwa vizuri kuliko hiyo. Na kwa watu wengi ningekubaliana naye nusu. Wapo wanaopata nafuu wakiacha ngano bila kuwa na seliaki: ngano ina fruktani, aina ya sukari inayochacha katika utumbo wa chini na kuleta gesi, na mwenye tumbo linalokerwa na hiyo anaweza kula mkate kidogo leo bila kudhurika chochote ila kujamba. Mtu huyo hana haja ya kuogopa kijiko kilichokoroga uji wa ngano. Mwenye seliaki anayo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoandikwa "hakina gluteni" ni sehemu 20 katika milioni, yaani miligramu 20 katika kilo nzima. Chembe za mkate zilizobaki ubaoni zinatosha kuvuka hapo.

Nikamwuliza fundi: harusi ngapi mnakwenda kwa mwaka? Idi mnakula kwa nani? Unga wa wimbi mnasagisha wapi? Akanijibu kinu cha mtaani, kilekile kinachosaga mchanganyiko wa uji wa watoto wenye soya na ngano. Basi nikamwambia: mkeo akiwa na seliaki, kinu hicho si chake tena, maisha yake yote. Sambusa za shemeji si zake. Kinywaji cha unga wa kimea anachopenda mtoto wenu hatakionja, kimea kile ni cha shayiri. Mifupa yake itafuatiliwa. Mtoto atapimwa, mama mkwe wako atapimwa, kwa kuwa ndugu wa damu wa karibu ana uwezekano wa kama mmoja katika kumi, wakati kwa watu wote duniani ni kama mmoja katika mia. Na kama hana seliaki, basi vyote hivyo ni kifungo ambacho hakuna hakimu aliyekitoa. Mtu atakivumilia mwaka, wa pili atakichoka, na akikichoka akiwa na seliaki kweli, tumerudi kwenye 8.9.

Fundi alisugua kucha zake. "Hakuna njia ya kujua bila kumlisha?"

Ipo ya nusu. Karibu kila mwenye seliaki ana jeni za HLA-DQ2 au DQ8, na jeni hazijali umekula nini jana. Akipimwa akutwe hana, shauri limekwisha, hakuna haja ya chapati wala kamera ya kuingizwa tumboni kuchunguza utumbo. Akikutwa nazo haijathibitika kitu, maana Ulaya watu 30 hadi 40 kwa mia wanatembea nazo na wengi wao watakufa wazee wakiwa wanakula mikate. Nilipenda tuanze hapo. Sampuli ilisafirishwa nje ya nchi, gharama yake iliwafanya waahirishe kununua friji, majibu yakaja baada ya wiki tatu: anayo DQ2. Mlango haukufungwa.

Njia zilibaki mbili: kubaki hivyo tu bila jina, au kurudia ngano kisha kupima. Mwalimu ndiye aliyeamua, tena kwa sababu ambayo sikumpa mimi. "Mtoto wangu," alisema. "Akiniuliza kwa nini yeye hali mandazi, sitaki kumwambia mama yako mkubwa alipiga simu."

Kisa kinachojulikana cha seliaki kina umbo hilihili. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, kabla ya vita alikuwa tayari anashuku ngano. Baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945 ikaukata mkate, na watoto wake wenye seliaki wakapata nafuu wakati nchi nzima inakonda. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Nafuu ile peke yake ingeweza kuwa na sababu mia. Kurudi kwa ugonjwa pamoja na mkate ndiko kulikowafanya watu wasikilize.

Kuhusu kipimo cha kula, miongozo haikubaliani neno kwa neno. Uingereza, NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, huagiza gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita zisizopungua. Marekani, chama cha madaktari wa tumbo mwaka 2013 kilitaja gramu 3 kwa siku kwa wiki mbili, na anayestahimili aendelee hadi nane. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wa watu wazima 20 waliokwisha kujulikana kuwa na seliaki: utumbo wa wengi wao ulionyesha mabadiliko siku ya 14, lakini kingamwili za damu zilikuwa zimepanda kidogo tu, zikaja kupanda sana siku ya 28, ingawa ngano yenyewe walikuwa wameiacha siku ya 14. Utumbo hutangulia, damu hufuata. Ukimtoa mtu damu wiki ya pili unaweza kupata hasi nyingine ya uongo ukawa umemtesa bure. Tukachagua wiki sita.

Gramu hizo utazijuaje na wewe unakula chapati ya mtaani? Vitabu huhesabu kwa vipande vya mkate, kama gramu 2 kila kipande. Mwalimu mkate hapendi. Nikamwuliza kilo moja ya unga kwake inatoa chapati ngapi. Kumi na nne, akajibu bila kufikiri, mwanamke wa Bombo haulizwi hilo mara mbili. Kwa hiyo chapati moja ina unga gramu 71. Mfuko wa unga wake uliandikwa protini gramu 10 katika 100, na kama robo tatu ya protini ya ngano, au zaidi kidogo, ni gluteni. Inakuja gramu 5 na ushei kwa chapati moja. Nusu asubuhi, nusu jioni, imetosha, wala hana haja ya kujishindilia. Nililisisitiza hilo kwa kuwa nimeona watu wakiambiwa "rudia ngano" wanakula rolex mbili (chapati zilizoviringishwa na mayai) kwa mkupuo kama wanaaga dunia, wanaumwa siku tatu, halafu wanaacha. Nusu mbili za kila siku zina faida kuliko karamu ya Jumamosi.

Kabla ya siku ya kwanza tulipima damu upya, mara hii pamoja na IgA ya jumla. IgA ilikuwa ya kawaida. tTG-IgA ilikuwa 3.

Na hapa nikafanya kosa langu. Nilimwanzisha tarehe 14 Oktoba kwa kuwa ndiyo siku majibu yote yalikuwa mezani na kalenda yangu ilikuwa nyeupe. Ya kwake sikuiuliza. Mwalimu wa darasa la saba, Oktoba, Uganda! Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi hufanywa mwanzoni mwa Novemba, na yeye alikuwa amepangiwa kuusimamia katika shule nyingine. Msimamizi hatoki chumbani ovyo. Wiki ya nne ya chapati ikaangukia juu ya siku hizo mbili. Likizo ya Desemba ilikuwa pale inatungoja, na kuchelewa wiki saba kusingebadilisha chochote.

Daftari lake la siku zile ninalo nakala. Aliliandika kama ripoti ya zamu:

"Siku 1. Nusu asubuhi, nusu usiku. Hakuna kitu. Nimeanza kuona aibu. Siku 2. Tumbo ngoma. Siku 4. Nimetoka darasani mara mbili, wanafunzi wamejua. Siku 9. Vidonda mdomoni, chai inauma. Siku 13. Nimemfokea mtoto kwa sababu ya kiatu."

Siku ya 16 saa nne usiku akanitumia ujumbe: "Dada, nimeshindwa. Nisamehe."

Sikumjibu kwa maandishi, nilipiga. Mpango tuliokuwa nao toka mwanzo ulikuwa na ngazi ya kushukia: akizidiwa, ashuke hadi nusu chapati na biskuti moja, kama gramu 3 kwa siku, asiache kabisa. Na kama angetapika mfululizo, kuharisha hadi kuishiwa maji au kuanguka, tungesimamisha palepale na kwenda kwenye kamera na tulichonacho. Alishuka ngazi. Siku za mtihani na mkesha wake, siku tatu, hakula ngano kabisa, na hakunificha. Tukaongeza siku tatu mwishoni.

Niseme hapahapa, nisije nikasomwa vibaya: huyu alikuwa mtu mzima, si mjamzito, damu yake imeshapanda, na tulikuwa tunaongea kila baada ya siku mbili. Watoto walio chini ya miaka mitano na wale walio katika kubalehe miongozo ya Ulaya inashauri wasifanyiwe jambo hili. Mjamzito angoje. Mwenye mzio wa ngano, wa kuvimba uso na kubanwa pumzi, hilo ni gonjwa jingine, na kumrudishia ngano nyumbani ni kucheza na roho yake.

Siku ya 45 akatolewa damu katika maabara ileile, kikomo kilekile. tTG-IgA: 46.

Kutoka 3 hadi 46. Nilimpigia akiwa anasahihisha madaftari. Kimya kikawa kirefu, kisha akasema, "Kwa hiyo sikuwa mwongo." Miaka miwili ya taifodi za kubahatisha ilikuwa ndani ya neno hilo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au furaha, siyo hilo.

Kamera ilifanywa siku mbili baadaye, na nusu chapati ya mwisho aliila jioni ya kuamkia siku hiyo kabla ya saa za kufunga. Watu wengi wakishaona damu imetoa jibu huacha ngano siku hiyohiyo, na utumbo unaanza kujirekebisha kabla ya kupigwa picha. Daktari alichukua vinyama vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na viwili kutoka kwenye mwanzo wake, kwa sababu uharibifu huja kwa mabaka, na kipande kimoja kinaweza kutoka mahali palipo pazima. Majibu: vidole vidogo vya utumbo vimefupika, vishimo kati yake vimerefuka, chembe nyeupe za kinga zimejaa kwenye utando. Kwa kipimo cha Marsh, kinachopanga uharibifu wa utumbo kwa madaraja, ni daraja la 3a.

Ulaya hapo wangefunga faili. Kwetu siyo. Miaka ya 1960 waliochunguza utumbo wa watu wazima hapa Kampala waliona kwamba hata wasio wagonjwa wana vidole vifupi na vipana kuliko vya watu wa nchi za baridi. Maisha ya maji machafu na vijidudu vya kila siku huupunguza utumbo polepole. Giardia hufanya hivyo. Virusi vya Ukimwi hufanya hivyo. Dawa moja ya shinikizo la damu, olmesartani, imeonekana kufanya hivyo hadi mgonjwa akadhaniwa ana seliaki. Kwa hiyo kinyama peke yake hapa hakimhukumu mtu. Kilichomhukumu mwalimu ni mkusanyiko: kipimo cha virusi hasi, choo hakina giardia, hatumii dawa ile, jeni anayo, dada wa tumbo moja anao ugonjwa, na juu ya yote damu iliyotoka 3 ikaenda 46 mbele ya macho yetu kwa sababu ya kitu kimoja tulichokipima kwa gramu. Mwendo huo nauthamini kuliko namba yenyewe. Kama angepimwa mara moja tu, Aprili kabla hajaacha, angeepuka wiki sita za mateso, lakini tusingeuona mwendo.

Natamani hata hivyo angepimwa Aprili. Simu ya Leicester ilikuwa na upendo wote na kosa moja, neno "leo". Nilimweleza dada yake hivyo nilipounganishwa naye, kwa adabu niwezayo. Akanyamaza, kisha akacheka: "Mimi mwenyewe daktari wangu aliniambia niendelee kula mpaka siku ya kamera. Nilisahau kabisa. Nilipopona nikasahau."

Desemba mwalimu aliacha ngano kwa mara ya pili. Kinu sasa ana cha kwake, cha mkono, mumewe amekifunga kwenye meza ya gereji mbali na oili, anasaga wimbi na mtama Jumapili. Kabalagala za njiani nilimtahadharisha nazo: asili yake ni muhogo na ndizi, ila wapo wauzaji wanaoongeza ngano zisipasuke. Mtoto alipimwa akiwa bado anakula mandazi yake ya shule, IgA ya jumla ikiwemo. Hasi, na hasi hiyo naiamini kwa leo. Miaka miwili ijayo tutarudia.

Amebaki mama yao, Bombo, miaka 61, anayesema tumbo lake halijawahi kumsumbua ila "damu kidogo inapungua, uzee." Mabinti wote wawili walimpigia simu kwa pamoja, mmoja Kampala, mmoja Leicester, nami nilikuwa nimekaa karibu nasikia. Mama alikuwa ameshapata habari zote mtaani na ameshaamua.

"Gurusa nimeacha tangu juzi," akatangaza. "Nimempa jirani unga wote."

"Mama!" Walipiga kelele pamoja, na laini ya Leicester ikachelewa nusu sekunde.

"Jamani, kwani nimekosa nini?"

"Mama, nenda kwa jirani sasa hivi," mwalimu akasema, "kadai unga wako. Unapimwa Jumanne. Mpaka Jumanne unakula."